Mchezaji wa Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Tumeingia kambini, na mvua imeingia nasi. Kambi yenyewe ni bweni la chuo cha ualimu ambacho wanafunzi wake wako likizo. Godoro langu lina shimo katikati, lililochimbwa na mtu mnene kuliko mimi, na bomba la bafuni linadondosha maji tangu tufike. Kazi yangu ni fundi bomba, kwa hiyo sauti ile siwezi kuizoea. Nimemwomba mlinzi spana. Akataka kujua nitaifanyia nini, nikamwambia, bado hakuamini.

Nimepangwa chumba kimoja na mdogo wangu. Amechukua kitanda cha dirishani bila kuuliza, kama kawaida yake, na mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu. Yeye ana miaka ishirini na mbili, mimi naingia thelathini na moja. Watu hawaamini kwamba tumetoka tumbo moja, kwa sababu uwanjani yeye anakimbia, na mimi siku hizi nafika tu.

Mashindano ni mwisho wa mwezi. Raga ya wanawake ya saba kwa saba, timu kutoka nchi za mbali na za karibu, na safari hii wenyeji ni sisi. Kila nchi inasajili wachezaji kumi na wawili. Hapa kambini tuko ishirini. Nataka kuwa mmoja wa hao kumi na wawili. Naliandika wazi kwa sababu mbele za watu nasema lolote litakalokuja ni sawa, na si sawa hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Leo kipimo cha kichwa. Kila msimu, kabla hatujagusa mpira, daktari wa timu anatuita mmoja mmoja. Anatusomea maneno tuyarudie, anatutajia tarakimu tuzigeuze kinyumenyume, anatusimamisha kwa mguu mmoja tukiwa tumefumba macho. Anaandika tulivyofanya tukiwa wazima. Mtu akigongwa kichwa uwanjani, anarudia kipimo kilekile na daktari analinganisha.

Na kila msimu Nahodha anatukusanya koridoni kabla ya kuingia.

"Jamani," anasema, "msiende kujifanya wasomi humo ndani."

Maana yake tunaijua. Ukiboronga leo ukiwa mzima, siku ukigongwa utaonekana hujabadilika, na utarudishwa uwanjani. Tulifundishwa hivyo na waliotutangulia, nao walifundishwa na wenzao. Hakuna anayeliona kuwa jambo baya. Ni kama kufunga kamba za viatu mara mbili. Tingatinga, mnene wetu wa kusukumana na wapinzani kwenye skramu, aliyumba kwa mguu mmoja mpaka akaangukia kabati la dawa, akatoka nje akatuambia kabati ndilo lililomfuata. Tulicheka mbavu zikatuuma. Mdogo wangu alikumbuka maneno mawili kati ya matano. Daktari, mama mpole mwenye miwani ya kamba, alitikisa kichwa akatuambia tule vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mbio za kupanda kilima. Tope mpaka masikioni.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya wageni. Mama amekuja na mwavuli wake wa buluu na mkoba wake wa mikasi, maana popote anapokwenda huwa anaona nguo ya mtu inayohitaji kupunguzwa. Mama anashona sare za shule. Mdogo wangu alimpokea kwa kumbeba juujuu, Mama akapiga kelele ashushwe, na hakutaka kabisa kushushwa.

Habari ni kwamba kuna mwanamke kutoka klabu moja ya ng'ambo atakayekuja kumwangalia mdogo wangu akicheza. Kocha amethibitisha. Mama hakuelewa vizuri, akaniuliza mimi pembeni. Nikamwambia, "Ni kwamba akicheza vizuri, watamchukua. Atalipwa kwa kucheza." Mama akasema, "Na wewe je?" Nikamwambia mimi nina mabomba. Tulicheka wote wawili, mimi kwa kujikaza.

Jumatano, 12 Machi

Nyama ya paja imenivuta. Sijamwambia mtu. Nimekimbia hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Kocha ametaja timu. Tulikaa sakafuni katika ukumbi wa chakula, mvua inapiga mabati, ikabidi ataje kila jina kwa kupaza sauti. Kazi hiyo inafaa kufanywa kwa sauti ya chini.

Mdogo wangu amepewa jezi namba kumi na moja. Nimeivaa namba hiyo tangu hajaanza hata kushika mpira. Alipoitwa, aligeuka akaniangalia kabla ya kusimama, na nikampigia makofi. Namshukuru Mungu mikono ilijua la kufanya, maana kichwa hakikujua.

Jina langu lilikuja la mwisho. Mimi ni wa kumi na tatu. Kwa asiyejua mchezo huu nieleze: wa kumi na tatu anafanya mazoezi yote, anakula na timu, anapasha misuli na timu siku ya mechi, kisha anavaa fulana ya kawaida na kubeba chupa za maji. Haingii uwanjani mpaka daktari aandike kwamba mmoja wa wale kumi na wawili hawezi kuendelea. Yaani riziki yangu iko katika balaa la mwenzangu.

Jioni mdogo wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Dada, ukitaka nitamwambia Kocha nibadilishe namba."

"Usiniletee," nikamwambia. "Vaa jezi yako."

Nina wivu. Mdogo wangu nampenda na nina wivu naye, na vyote viwili vimelala nami katika shimo la godoro hili.

Jumanne, 18 Machi

Wameanza kuniita Kumi na Tatu. "Kumi na Tatu, lete maji." "Kumi na Tatu, chupa hii ina mchanga." Tingatinga ndiye aliyeanzisha. Sikuudhika. Nimewaambia maji ndiyo fani yangu, wakitaka na choo nitawazibulia.

Alhamisi, 20 Machi

Mlinzi ameleta spana mwenyewe. Bomba halidondoshi tena. Ndilo jambo pekee lililokwenda sawa wiki hii.

Jumatatu, 24 Machi

Timu za nje zimeanza kufika. Tuliwaona wakishuka mabasi mbele ya hoteli, warefu, wamevaa makoti ya aina moja, mabegi ya magurudumu. Nahodha alituambia tusiwashangae, huku yeye mwenyewe kinywa wazi. Mvua haijakatika. Uwanja umefunikwa kwa maturubai, na ukiukanyaga unasikia maji chini.

Nimemwangalia mdogo wangu mazoezini leo kwa macho ya mtu mwingine. Ni mzuri kuliko nilivyokuwa mimi siku yangu bora. Afadhali nimeliandika.

Ijumaa, 28 Machi

Wenzangu wako kwenye chakula cha jioni. Nimeingia katika stoo ya mipira ili niandike, maana kuna jambo na sina wa kumwambia.

Mechi ya kwanza ilikuwa asubuhi. Kipindi cha pili, mdogo wangu alimfuata mpinzani kwa chini ili amwangushe, na goti la yule msichana likamkuta pembeni ya jicho. Hakupiga kelele. Alijilaza tu kwenye majani, mkono chini ya shavu, na mimi nilikuwa nimeshafika na chupa kabla daktari hajavuka mstari. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Kisha yakaniona, akasema, "Nimeteleza."

Walimtoa, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye maji, niliingia nao katika chumba kilicho chini ya jukwaa. Nikasimama mlangoni. Daktari akamsomea maneno matano, akasubiri, akamwambia ayarudie. Akataja mawili. Daktari akatazama karatasi ya mwanzo wa msimu. "Mawili kwa mawili," akasema. "Hujabadilika." Akamsimamisha kwa mguu mmoja, akayumba, na kwenye karatasi mwanzo wa msimu aliyumba vilevile. Daktari akatabasamu, akamruhusu kucheza mchana.

Ila mimi nilikuwa nikiuona uso wa mdogo wangu. Siku ile ya kuigiza alikuwa akizuia kicheko. Leo alikuwa akiyatafuta yale maneno kwelikweli, na hakuyapata.

Wakati wa chakula cha mchana aliniuliza, "Mama amefika?" Nikamwonyesha mwavuli wa buluu jukwaani. Akaupungia mkono. Tumekaa kidogo, akaniuliza tena, "Mama amefika?" Nikamwonyesha tena. Alipoinama kufunga viatu, alizishika kamba akazitazama tu. Nilimfungia mimi.

"Twende kwa daktari," nikamwambia.

"Kufanya nini? Nimepita kipimo."

"Kile kipimo sote tunajua kinavyopitwa."

"Dada, yule mama wa klabu amekaa pale." Hakuonyesha wapi, na sidhani kama alikuwa anajua wapi.

"Utachezaje na kichwa hicho?"

Akauliza taratibu, bila ubaya, "Nikitoka mimi, anaingia nani?"

Alitikisa kichwa kama mtu aliyemaliza hesabu, akaondoka kwenda kupasha misuli. Na mimi nikafunga mdomo. Niliogopa kuonekana naitaka ile jezi, na niliogopa zaidi kwa sababu ni kweli naitaka. Nikachukua chupa zangu.

Mchana alicheza. Mara moja alidaka mpira akasimama nao tu, mpaka Nahodha akampigia kelele kwa jina lake la uwanjani, "Mshale, kimbia!" ndipo akakimbia, tena kwa kasi ya kutisha, akauweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, akafunga trai. Jukwaa zima lilisimama. Karibu na mwisho alipigwa kiwiko kichwani. Si sana. Aliinuka upesi mno.

Tulishinda zote mbili. Tulipofika bwenini alitapika bafuni. Nilimshika paji la uso kama nilivyokuwa nikimshika utotoni. Alisema taa inamuumiza, nikaizima. Akanishika mkono gizani.

"Sema hutamwambia mtu."

"Lala kwanza."

"Dada, sema. Ukisema kwa daktari, nitajua umefanya kwa ajili ya jezi. Sitakusamehe."

Nikamwambia sitasema. Nilitaka alale. Amelala sasa, na nimekwenda kumwangalia mara kadhaa kama anapumua. Sijui nifanye nini. Najua la kufanya, na sitaki kulifanya.

Jumamosi, 29 Machi

Nimesema.

Nilimkuta daktari asubuhi akipanga bandeji kwenye meza ya chumba chake. Nikamwambia yote: kutapika, taa, Mama aliyefika mara mbili, kamba za viatu. Akasema lakini kipimo kilikuwa sawa. Hapo ndipo iliponibidi nimwage kila kitu. Nikamweleza kuhusu koridoni, na Nahodha, na kabati la Tingatinga. Nikamwambia karatasi zake zote za msimu ni uongo, na za misimu iliyopita pia.

Alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. Nilitegemea atafoka. Akauliza, "Haya ya mdogo wako umeyajua lini?"

"Jana mchana."

"Kabla ya mechi ya pili?"

"Kabla."

Akakaa. "Unajua nikimtoa, anayeingia ni wewe."

"Najua, daktari."

"Ningependa haya niambiwe na mtu mwingine," akasema. Nami pia ningependa hivyo.

Alimwita. Mimi nilibaki nje. Hakutumia karatasi safari hii. Nilimsikia akimuuliza mambo ya kawaida, leo siku gani, jana mlicheza na nani, mlishinda mechi ngapi. Majibu sikuyasikia. Nilisikia kilio tu. Alipotoka, macho mekundu, alinipita akiwa amekishika kiti, kisha ukuta, na alipofika mwisho wa koridoni aligeuka.

"Ivae," akasema. "Imekukaa siku zote."

Walimpeleka hospitali kupigwa picha ya kichwa. Mama alikwenda naye. Daktari aliwaita wengine wote na kuwapima upya mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyethubutu kuyumba. Wote wakaonekana wazima. Kocha aligongesha ubao wake wa kupangia mechi ukutani ukapasuka. Nahodha alingoja mpaka tulipokuwa tunavaa. Ndipo akaja akasimama mbele yangu, mfupi kuliko mimi, akazungumza polepole.

"Zilibaki siku mbili. Angepumzika Jumatatu. Angepumzika mwezi mzima. Umemkosesha ulaya wake, na sisi umetuvua nguo. Kwa nini?"

"Ametapika," nikasema.

"Sote tumewahi kutapika."

Ni kweli, sote tumewahi. Hilo nalo limenitisha, nikijaribu kukumbuka ni nani kati yetu husahau majina, ni nani huumwa kichwa kila mvua ikinyesha.

Jezi ilinibana mabegani. Nilicheza pembeni kabisa ya uwanja, mahali pangu pa miaka yote, na mpira haukunifikia. Sisemi walifanya makusudi. Ulikuwa mpira wenye maji, pasi zilikuwa ngumu. Lakini mara nyingi nilisimama peke yangu, mbele yangu pasipo na mtu, nikimwita Nahodha kwa jina, naye akatafuta upande mwingine. Kipindi cha pili Tingatinga aliangushwa, akajigeuza chini akaniona mimi tu, akanitupia. Nikakimbia. Paja lilikuwa linawaka, nikalikimbiza hivyohivyo, nikawapita wawili, na nikauweka mpira chini katikati ya nguzo. Kwa trai hiyo tukashinda.

Ni trai bora kuliko zote nilizowahi kufunga. Ukifunga, wenzako hukurukia, ndivyo tulivyozoea. Niliinuka, nikajipangusa tope, nikaurudisha mpira kwa mpigaji wetu wa mateke, na nikatembea peke yangu mpaka kwenye mstari wetu. Mvua ilikuwa imekolea, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba nalia.

Jumapili, 30 Machi

Tumetolewa robo fainali na wale warefu wa makoti ya aina moja. Walitukimbiza. Nimegusa mpira mara moja, nikaudondosha.

Mama alikuja baada ya mechi. Picha za hospitali zimetoka safi, alisema. Daktari alituambia jana kwamba picha haioni kila kitu, kwamba ubongo unaweza kuumia na picha ikawa nyeupe. Lakini mdogo wangu amelisikia neno moja tu. "Safi," alimwambia Mama. "Nilikuwa mzima. Kanitoa nikiwa mzima." Yule mwanamke wa klabu ameondoka jana jioni. Amemwambia Kocha kwamba mtu aliyeumia kichwa hawamchukui.

Nilimuuliza Mama kama alinipigia makofi jana aliposikia habari ya ile trai. Sijui kwa nini niliuliza. Mama alikuwa anakung'uta mwavuli.

"Mwanangu mmoja yuko hospitali amefunikwa macho," akasema, "mwingine anashangiliwa. Nilikuwa nimekaa katikati ya barabara kati yenu. Nilimpigia nani?"

Jumatano, 2 Aprili

Nyumbani. Vyumba vyetu viwili vimekuwa kimoja na nusu, maana cha ndani kimezibwa dirisha kwa kitambaa cha sare alichoacha kushona Mama. Mdogo wangu amelala humo. Hatakiwi mwanga, kelele, wala simu. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi. Hanisemeshi. Nikiingia na uji anageukia ukutani, nauacha, natoka. Mama anakuja kuchukua bakuli.

Bosi amenipokea kwa kazi ya kuzibua. Hakuuliza habari za mashindano, nami nikashukuru.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo jambo limetokea. Nilipeleka chai, nikaiweka kimya kimya kama kawaida, na kutoka gizani nikasikia, "Dada."

Sauti yake ya zamani kabisa, ya kitanda cha dirishani.

"Mbona hukuniamsha? Mechi saa ngapi?"

Nilisimama na trei mkononi. Nikamwambia mechi zimekwisha. Akauliza tulishinda. Nikamwambia tulishinda tatu, tukatolewa robo fainali. Akasonya kidogo, akasema wale warefu bila shaka, nikasema ndio hao. Akaniambia nikae. Nikakaa kitandani, akaniwekea miguu yake mapajani kama alivyozoea, akaniuliza kama paja langu bado linavuta. Kumbe alijua siku zote. Tulizungumza. Akanitania kwamba Tingatinga ameolewa na lile kabati la dawa. Nilicheka, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilicheka hivyo.

Kisha akauliza, "Na mimi nilifunga ngapi robo fainali?"

Sikupata la kumwambia. Ukimya ule ndio uliomkumbusha. Niliona miguu yake ikikaza kwanza, kisha ikaondoka mapajani mwangu. Akageukia ukutani.

Jumapili, 6 Aprili

Mara mbili leo. Asubuhi, na tena jioni. Kila mara ananiita Dada, ananikalisha, tunaongea. Kila mara inafika pale anapokumbuka.

Mama anatusikiliza kutoka kwenye cherehani, mguu wake haukanyagi. Aliniambia leo, "Mdanganye. Mwambie alicheza." Nimefikiria sana. Sikuweza. Jioni nilijaribu kuongea mambo mengine tu, mvua, majirani, bomba la bafuni, ili nichelewe kufika huko. Nilichelewa vizuri. Alikuwa amenilalia begani alipokumbuka.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari wa timu amekuja kumwona nyumbani, kwa hiari yake. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alinikuta nje nikibadilisha vali ya tangi la maji, akachuchumaa pembeni yangu. Kumbukumbu inarudi, alisema, kila siku vizuri zaidi. Ndani ya wiki mbili anaweza kuwa amepona kabisa. Akasema kwamba kama angecheza ile Jumamosi na kupigwa mara ya tatu, pengine tusingekuwa tunazungumza habari ya kupona.

"Umemwambia hivyo?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Amesema picha zilikuwa safi."

Kisha akaniuliza kama mdogo wangu na mimi tunazungumza. Nikamwambia ndiyo, wakati mwingine. Akafurahi, akasema hiyo ni dalili njema.

Alhamisi, 10 Aprili

Mara moja tu, tena kwa kitambo kidogo. Aliniita Dada, akaniuliza chumvi iko wapi. Nilipoingia nayo alikuwa ameshakumbuka.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuniita.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuniita. Nilipitisha uji mara ambazo hakuhitaji uji. Nilipiga chafya mlangoni. Ni aibu kuandika haya: nilikuwa namwombea mdogo wangu asahau.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imekatika. Niliamshwa na mwanga, kwa sababu mdogo wangu ametoka chumbani akavuta kitambaa dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Jua lilimpiga usoni na hakufumba macho. Alikwenda kukaa mezani, akamwomba Mama chai, akamwambia anataka kumhadithia kila kitu, asikilize kama kuna alichokosea.

Akahadithia. Goti la yule msichana. Maneno matano yote, alivyosomewa na daktari, sasa aliyataja bila kusita. Mwavuli wa buluu aliouuliza mara mbili. Trai ya mchana, kiwiko, kutapika. Akamweleza jinsi taa ilivyozimwa, na aliyemshika paji la uso, na alichoahidiwa gizani, neno kwa neno. Hakukosea hata mahali pamoja. Mama alikuwa amemshika mikono yote miwili akilia kwa furaha, akasema, "Amerudi. Mwanangu amerudi," na akaniangalia ili tufurahi pamoja. Nikamwambia Mama ndiyo, namshukuru Mungu, na nilikuwa namshukuru kweli.

Nilichukua mkoba wangu wa kazi. Ilibidi nipite mbele ya mdogo wangu ili nifike mlangoni. Alivuta kiti chake ndani kidogo kunipisha, kama unavyompisha mtu usiyemjua, na akaendelea kunywa chai.